Kutoka Konsoli Kwenda Kompyuta ya Gemu: Unachopata na Unachobebeshwa

Habari zenu wadau, karibuni. Leo mezani hakuna kifaa kimoja cha kuchambua, kuna uamuzi: una konsoli, yaani PlayStation au Xbox, inafanya kazi vizuri, halafu roho inakutuma kuhamia kwenye kompyuta ya gemu. Inalipa? Kwangu mimi inalipa, ila si kwa sababu ile inayotangazwa. Wanaouza hizi mashine watakuimbia picha, picha, picha. Na picha ndiyo sababu dhaifu kuliko zote.

Tulimalize hilo mapema. PS5 na Xbox Series X zilitoka Novemba 2020, na zote mbili ndani zina prosesa ya kampuni ya AMD yenye koa nane (vitengo vinavyofanya hesabu) pamoja na chipu ya michoro ya AMD hiyo hiyo. Yaani konsoli yako tayari ni kompyuta, tofauti ni kwamba ukiacha kuongeza hifadhi, hakuna cha maana unachoweza kubadilisha mle ndani. Ukikaa kwenye kochi, mbali kidogo na televisheni, ukaweka gemu moja kwenye konsoli na kwenye kompyuta ya daraja la kati, watu wengi hawatakuambia ipi ni ipi. Ukiona mtu amegandisha picha mbili, amezikuza, amezungushia duara jekundu kivuli cha jani, jua ameishiwa la kusema.

Utamu uko kwenye mwendo. Gemu ikienda fremu 30 kwa sekunde, unaletewa picha mpya kila baada ya milisekunde 33. Ikienda 60, ni kama milisekunde 17. Ikienda 144, ni 7 hivi. Hizo namba zinasikika ndogo mpaka ushike kipanya mwenyewe. Mkono ndio unaogundua kabla ya jicho: unageuka, na kamera imeshageuka. Konsoli mara nyingi inakupa njia mbili tu, ama picha kali kwa fremu 30, ama fremu 60 na picha iliyopunguzwa kidogo. Basi, chagua hapo. Kwenye kompyuta unapunguza vivuli, unapunguza ukungu, unaacha teksicha (sura za nyuso za vitu) juu, na fremu zinapanda bila gemu kuonekana mbaya.

Na hapa nina ugomvi wangu wa siku zote: achaneni na "Ultra", kile kiwango cha picha cha juu kabisa kwenye mipangilio ya gemu! Ukitoka kwenye kiwango cha juu kwenda Ultra, mara nyingi unatoa fremu nyingi ili upate kitu utakachokiona tu ukisimama kutazama ukuta. Badala yake washa DLSS kama kadi yako ya michoro ni RTX ya kampuni ya Nvidia, au FSR kama ni ya AMD. Zote mbili zinaichora gemu kwa ukubwa mdogo, halafu zinaikuza ijae kwenye skrini. DLSS ilianza na kadi za RTX 20, zile za 2018, na mwanzoni ilikuwa inatia ukungu kweli. Ya sasa hivi mimi naiwasha bila kufikiria mara mbili.

Sasa, umeiwasha mashine mpya na huoni mwendo wowote niliousema. Kabla hujalaumu kadi, kagua mambo haya. Kebo ya skrini umechomeka wapi? Nyuma ya kompyuta kuna matundu ya bodi kuu na kuna matundu ya kadi ya michoro, yale yaliyo chini kidogo. Ukichomeka ya juu, kadi uliyoinunua imekaa bure. Kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini ndani ya Windows uangalie kiwango cha hertz, yaani mara ngapi skrini inabadilisha picha kwa sekunde, kwa sababu skrini ya 144 inaweza kuendeshwa kwa 60 na wala usipewe onyo. La mwisho, ingia BIOS, ile mipangilio ya bodi kuu kabla Windows haijawaka, uwashe XMP, au EXPO kwa baadhi ya bodi za AMD, maana bila hivyo RAM inatembea kwa kasi ya chini kuliko iliyoandikwa kwenye boksi. Hakuna atakayekuambia haya. Konsoli ingekufanyia yote kimya kimya.

Hiyo ndiyo bei nyingine ya kuhama: unakuwa fundi wa mashine yako. Kuna jambo moja linalowakera sana wanaotoka konsoli, nalo ni kukwamakwama. Gemu inaenda vizuri, fremu ziko juu, halafu unafungua mlango na inaganda kidogo. Ukifungua mlango uleule tena, haigandi. Chanzo ni sheda, zile programu ndogo zinazoiambia kadi ichore vipi mwanga, maji, ngozi. Kila PS5 ina michoro ileile, kwa hiyo mtengenezaji anaziandaa sheda kabla na kukuletea zikiwa tayari. Kadi za kompyuta ziko za kila aina, kwa hiyo sheda zinaandaliwa kwenye mashine yako. Gemu iliyotengenezwa vizuri inaziandaa mwanzoni huku ikikuonyesha mstari unaojaa. Subiri ujae! Ile ya uvivu inaziandaa katikati ya mapigano.

The Last of Us Part I ilipofika kwenye kompyuta Machi 2023, wachezaji wengi walilalamika: sheda zilichukua muda mrefu kuandaliwa, na gemu ilikuwa inajizima. Marekebisho yalikuja baadaye, mfululizo. Ndiyo maana ushauri wangu kwa gemu yoyote iliyohamishwa kutoka konsoli ni uleule, usiinunue siku ya kwanza. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, angalau inakupa mlango wa kutokea: unaweza kuomba hela yako irudi ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza kufika saa mbili.

Tena gemu nyingine utazisubiri. God of War ya 2018 ilifika kwenye kompyuta Januari 2022. Ghost of Tsushima ya 2020 ilifika Mei 2024. Red Dead Redemption 2 ilichelewa mwaka mzima na zaidi kidogo. Kama wewe ni mtu wa kucheza gemu wiki ileile inayotoka, na gemu zako ni za PlayStation, konsoli bado ni yako.

Halafu diski. Hili watu hawalifikirii mpaka wameshahama. Kwenye kompyuta karibu kila kitu ni cha kupakua, kwa hiyo hakuna kuazimana na rafiki, hakuna kuuza gemu uliyoimaliza ili ununue nyingine. Na uliyoyanunua kwenye PlayStation hayakufuati, utayanunua upya. Xbox ina gemu kadhaa zenye alama ya Play Anywhere, hizo ukinunua mara moja unacheza kote kuwili. Upande wa pili wa mizani: kucheza mtandaoni kwenye kompyuta kwa kawaida hakudai usajili wa kila mwezi, na gemu za zamani hazikutupwi njiani. Half-Life 2 ya 2004 bado iko palepale Steam na inafunguka. Diski ya PS3 hata uibembeleze, PS5 haiisomi.

Pedi yako njoo nayo. Ya Xbox inatambuliwa mara moja, na DualSense, ile ya PS5, nayo inafanya kazi, ila ukitaka vile vitufe vinavyokaza na mtetemo wake kamili, gemu nyingi zinadai utumie kebo ya USB.

Kwenye kununua, nitagusa laptopu tu, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Jina la kadi kwenye laptopu halimaanishi kadi ileile ya mezani. RTX 4070 ya mezani ina kumbukumbu ya GB 12, ya laptopu ina GB 8. Na RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa wati 35 au wati 115, kutegemea aliyeitengeneza mashine. Ni jina moja, stika moja, lakini mwendo tofauti kabisa. Kwa hiyo tafuta wati zilizoandikwa kwenye maelezo ya modeli hiyo, na muuzaji asipozijua usimpe hela. Kwenye ya mezani, usibane pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) ili uongeze taa za rangi. Taa hazichezi gemu.

Nani abaki? Kama jioni zako ni gemu za mpira na marafiki wanne kwenye kochi moja, baki hapohapo. Nani ahame? Mpenzi wa gemu za kulenga, za mikakati, za modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe), na yeyote ambaye tayari alikuwa anahitaji kompyuta ya kazi.

Ukitaka nikusaidie kuchagua, niandikie gemu unazocheza zaidi, skrini uliyonayo, na kama mashine utaibeba au itakaa mezani. Usiniandikie tu "kompyuta nzuri ni ipi," hilo swali nimeshindwa.