Kabineti ya gitaa na besi kwa wanaopiga Unguja na Pemba: ipi kwanza, ipi uiwache dukani

Nianze na kisa, manake ndo kilichonifunza. Nilinunua kabineti ya besi, yaani boksi la spika tupu lisilo na ampu ndani, kwa mtu Dar, yuzdi, spika nne za inchi 10, nyuma imeandikwa 8 omu, kile kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme wa ampu, kwa herufi nzuri kabisa za kiwandani. Nikaipakia kwenye boti, Malindi nikamlipa hamali, nikaipandisha ghorofa ya tatu Michenzani mie na mdogo wangu tunapumzika kila ngazi tano, na wiki ile ile ikaenda harusini. Watu wanatunza, bibi harusi ndo kwanza anaingia, besi puu, kimya. Taa nyekundu kwenye ampu. Nazima nawasha, inapiga dakika tano, puu tena, na mpiga kinanda ananitizama kama nimekula hela yake. Kesho yake nikaifungua nikakuta spika zishabadilishwa na waya zimeungwa upya, nikatia mita ya umeme ikasoma 3 na kitu, yaani lile boksi la 4 omu, na ampu yangu ya wakati ule mwisho wake wa chini ilikuwa 8. Kila kitu kimebadilishwa isipokuwa kibandiko.

Kwa hiyo kabla sijakwambia ipi namba moja, elewa haya, ukiyaruka usinilaumu.

Omu kwanza. Ampu za transista hazitaki ushuke chini ya namba iliyoandikwa nyuma, ukipanda juu yake hamna tatizo, sauti inapungua kidogo basi. Ampu za valvu, zile za taa za kioo ndani, zenyewe zinataka namba ilingane, 8 kwa 8, 16 kwa 16, na usiiwashe valvu ukapiga bila kabineti kuchomekwa, transfoma ya mwisho inaungua na kuitengeneza si bei ya mchezo. Kabineti mbili za 8 ukizichomeka pamoja kwa kawaida zinakuwa 4, za 16 mbili zinakuwa 8. Na mita haisomi sawa na kibandiko, usishtuke, boksi la 8 litakuonyesha 6 au 7 hivi, la 4 litakuonyesha 3 na pointi zake, la 16 kama 12 au 13. Ukiona namba iko mbali na hapo kuna mtu kaingiza mkono.

Wati sasa. Watu wananunua kwa wati kama wananunua mchele kwa kilo, wallahi inanichekesha. Wati za kabineti ni kiasi inachostahamili kabla haijaungua, si ukubwa wa sauti. Ukubwa wa sauti tizama desibeli kwa wati moja. Mfano Celestion, watengenezaji wa spika, wenyewe wanaandika Vintage 30 ina wati 60 na desibeli 100, na G12T-75 ina wati 75 na desibeli 97. Ile yenye wati kidogo ndo yenye kelele zaidi! Desibeli 3 maana yake ile ya pili inataka nguvu mara mbili kuifikia ya kwanza. Mtu anakwenda kununua ampu kubwa kumbe shida ni spika.

Jambo zuri moja, kabineti haijui habari ya umeme wa ukutani. Ukiletewa na ndugu kutoka Marekani inafanya kazi vile vile, ni ampu ndo inakuja na volti 120 huku kwetu 230.

Halafu mbao, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu maandishi ya wazungu hayakwambii, wao hawana masika kama yetu. MDF na chipubodi, zile mbao za unga uliogandishwa, zinakunywa unyevu. Kabineti ikikaa chini kwenye sakafu ya saruji tangu Machi mpaka Mei, kona za chini zinavimba kama maandazi, skrubu zinakosa pa kushika, siku unanyanyua kwa mkono wa pembeni unabaki na mkono na boksi liko chini. Taka plaiwudi. Utaijuaje, toa spika moja au sahani ya jeki, angalia kwenye tundu pale mbao ilipokatwa, ukiona matabaka matabaka ni plaiwudi, ukiona kama biskuti iliyosagwa ondoka. Na lililovishwa kapeti mie silipendi, ukipiga Paje au Nungwi mwezi mmoja tu limejaa mchanga na linanuka, la vinili unapitisha kitambaa limekwisha.

Haya, cheo. Naanza na besi kwa sababu ndo chombo changu.

Namba 1 ya besi: boksi mbili ndogo zinazofanana, kila moja 8 omu, ama inchi 12 moja moja ama inchi 10 mbili mbili, zenye sumaku za neodimiamu. Hizo sumaku ni nyepesi sana kuliko za kawaida, boksi unalibeba mkono mmoja na besi begani, unapita vichochoro vya Mji Mkongwe ambako gari haifiki na hamali usiku huo keshalala. Hoteli ndogo unakwenda na moja. Harusi ya uwanjani unakwenda na mbili, ampu inayokubali 4 omu inatoa nguvu yake yote na sauti inapanda kwa njia mbili, ya ampu na ya wingi wa spika. Moja ikiharibika katikati ya shoo, ya pili inamaliza kazi. Bei yake inauma, sikufichi. Nunua moja mwaka huu na nyengine mwakani, lakini iwe aina ile ile.

Namba 2: inchi 10 nne, ile iliyonitia aibu mie, lakini kosa halikuwa lake. Kwa kelele na kwa ile ngumi ya kifuani hakuna inayoishinda kwa bei. Kundi la taarab ya kisasa lenye gari lake na vijana wa kubebea, chukua hii.

Namba 3: inchi 15 moja. Wazee wanaipenda, na iko sauti ya mviringo fulani ambayo kwenye taarab inakaa vizuri chini ya fidla na ganuni. Ila tuache ile imani kuwa spika kubwa ndo inashuka chini zaidi. Kinachoamua ni boksi na spika vimepangwa vipi pamoja. Uzi wa chini wa besi unapiga 41 Hz na kabineti nyingi hazifiki hapo sawasawa, hata ile maarufu ya Ampeg ya inchi 10 nane, wenyewe wanaandika inaanza kulegea kwenye 58, na hakuna mtu aliyewahi kuisikia akasema haina besi. Sikio linajazia lenyewe.

Na hiyo yenyewe Ampeg ya nane ndo naiweka mwisho. Wanaiita Friji. Kilo 63 hivi. Kama kuna mtu wa jukwaa la Ngome Kongwe kakuwekea tayari, furahi, piga, ondoka. Usiinunue. Sijui utaipitisha wapi.

Gitaa nitakwenda mbio zaidi.

Namba 1: inchi 12 moja, plaiwudi. Yakhe, inatosha! Sehemu nyingi tunazopiga kuna PA, yaani spika kubwa za ukumbi, maikrofoni inawekwa mbele yake na kazi imekwisha. Ya mgongo wazi inatoa sauti mbele na nyuma, mpiga ngoma anakusikia bila monita, kwa jukwaa dogo ni raha. Ya kufungwa ina ngumi zaidi, kama unapiga na distoshoni, ile sauti ya kukwaruza, chukua hiyo. Ila spika ya inchi 12 sauti yake kali inakwenda mbele kama tochi, aliyekaa mbele inamtoboa na wewe uliyesimama juu yake unasikia miguuni tu, kwa hiyo ilaze kidogo kwa nyuma au ipandishe kwenye kiti. Nyumba za mawe za mji zile zenye boriti juu zinaguruma chini, kuinyanyua kutoka sakafuni kunasaidia hapo pia.

Namba 2, na najua watu watabisha: ya kutengenezewa na seremala wako. Spika ya gitaa haina masharti makubwa kwa boksi, hasa mgongo wazi. Plaiwudi ya milimita 18, spika uagizie kwa mtu anayesafiri, Vintage 30 yenyewe haifiki kilo 5 inaingia kwenye begi. Wanaotengeneza milango na makabati mjini wanaweza, wachoree kipimo cha ampu yako ikae juu yake vizuri. Kwa besi usifanye hivi. Besi inataka hesabu ya ujazo wa boksi na urefu wa tundu la upepo linalokatwa kwenye boksi, ukikosea linavuma noti moja na nyengine hazisikiki.

Namba 3 ni inchi 12 mbili. Nzuri kweli, ukiwa na gari. Za kulala ubavu zinakaa chini zaidi, za kusimama unajisikia vizuri.

Mwisho inchi 12 nne. Kila kijana anaitaka kwa sababu ya picha. Marshall 1960A ni wati 300, kilo kama 36, na uliza mafundi mitambo wa hoteli za kaskazini watakwambia jambo la kwanza wanalofanya ni kukuomba upunguze.

Kuna mtego mmoja. Mtu anakwenda Darajani, anaona boksi la muziki la inchi 15 lina twita, spika ndogo ya sauti za juu, na taa za rangi, bei poa, anasema hili litapiga gitaa. Gitaa safi linapiga, ndio. Ukitia distoshoni ni nyuki. Spika ya gitaa inakata yenyewe sauti za juu kuanzia kama 5,000 Hz na ndo inavyotakiwa, twita inakutolea takataka zote. Na kinyume chake, usitie besi kwenye kabineti ya gitaa, koni, ile karatasi ya mbele ya spika, inatapatapa mpaka inachanika, sauti ya kuchanika kwake utaifikiria ni efekti nzuri kwa dakika mbili.

Ukienda kuangalia yuzdi, hasa kama inatoka Dar na hutaweza kuirudisha, chukua mita, tochi na betri ndogo ya volti 9. Gusisha betri kwenye jeki sekunde moja tu, koni zote zitoke nje pamoja au ziingie ndani pamoja, moja ikienda kinyume waya wake umegeuzwa na inakula sauti ya wenzake. Sukuma koni taratibu kwa vidole vyote vimetawanyika, ukisikia mkwaruzo koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imekwisha, shusha bei au ondoka. Angalia kutu kwenye kona na jeki, kutu ya juu ni kawaida yetu, chumvi haina adabu, lakini kutu kwenye fremu ya spika ndani ni habari nyengine. Omba na waya wake wa spika. Waya wa gitaa usichomeke kati ya ampu na kabineti hata kama kichwa kinaingia, ni mwembamba, unapata moto.

Na lile tundu la upepo la kabineti za besi, pigia tochi ndani kabla hujalipa. Jamaa yangu wa Wete alinunua moja akailaza chumbani, usiku mende wakatoka kama wamemaliza kikao. Mie yangu nimebandika wavu wa mbu kwa ndani, hewa inapita. Usitie kitambaa, besi inakufa.