Uzoefu wangu na SpyderX Pro: kupima skrini kabla ya kusafisha picha za harusi

Kama picha zako zinasafishwa na mteja anapewa albamu mkononi, nunua kifaa cha kupimia skrini kabla ya kufikiria lenzi nyingine. Nasema hivi baada ya kuitumia SpyderX Pro ya Datacolor katika kazi za harusi na sendofu hapa Dar es Salaam, kwenye laptopu yangu na kwenye monita kubwa niliyoiweka pembeni yake.

Kila mpiga picha anaijua shida yenyewe. Kwenye skrini picha inang'aa, ikitoka studio imekuwa nyeusi, na lawama zote anabebeshwa mtu wa mashine. Mara nyingi yeye hana kosa. Monita nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mwangaza wa kuvutia macho dukani, kandela 250, 300 au zaidi kwa mita ya mraba, wakati kwa kazi ya kuchapisha kinachopendekezwa ni kati ya 80 na 120 hivi. Ukihariri mbele ya mwanga mkali namna hiyo, jicho linakuambia picha ina mwanga wa kutosha, pengine hata umezidi, nawe unaushusha. Karatasi haina taa nyuma yake, kwa hiyo inaonyesha kile ulichokiacha kwenye faili.

Rangi nazo zina mambo yao. Kwa picha za kawaida, nyeupe ya skrini inatakiwa iwe Kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikipanda, mwanga unakuwa wa bluu zaidi), lakini skrini nyingi hupanda juu ya hapo na kuegemea bluu. Huwezi kuigundua kwa kutazama, kwa sababu jicho huzoea: ukikaa mbele ya skrini ya bluu dakika chache tu, unaiona nyeupe. Kifaa hakizoei, na ndiyo maana naamini namba zake kuliko macho yangu mwenyewe.

Kwangu faida kubwa imekuwa kwenye ngozi. Skrini ikiwa ya bluu, mhariri anaongeza njano na wekundu mpaka bibi harusi aonekane sawa, kisha kwenye karatasi anatoka kama amepakwa rangi ya chungwa. Gama nayo, yaani jinsi skrini inavyopanga ngazi za mwanga kutoka nyeusi hadi nyeupe, inatugusa sisi kuliko watu wengi. Undani wa ngozi nyeusi unakaa sehemu ya chini ya mwanga, karibu na vivuli, na hapo ndipo gama isiyo sahihi inapofanya uharibifu. Skrini ikivizamisha vivuli unalazimika kuviinua, na uso uliokuwa na weusi mzuri wenye uhai unatoka umepauka, wa kijivu. Huko ni kumkosea mteja. Tangu nilipoweka gama 2.2 iliyopimwa, naona piko ikijitenga na hina juu ya mkono, na naona kanzu ya rangi ya maziwa ikitofautiana na kanzu nyeupe kabisa hata wanaume wakiwa wamesimama safu moja. Kabla ya kupima, kanzu zote mbili zilionekana za rangi moja.

Matumizi yake si magumu. Iache skrini iwake nusu saa ipate joto, zima mwanga unaojirekebisha wenyewe na ile rangi ya usiku ya Windows (kwenye Mac zima True Tone), kisha rudisha monita kwenye hali ya kiwandani. Kifaa kinaning'inia mbele ya kioo, na kifuniko chake kikiwa nyuma kama uzito wa kukishikilia. Programu inakuelekeza ushushe mwangaza kwa vitufe vya monita huku kifaa kikisoma, halafu inapitisha nyekundu, kijani, bluu na ngazi za kijivu. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Mwishoni inahifadhi profaili ya ICC, faili dogo linaloeleza jinsi skrini yako inavyoonyesha rangi. Marekebisho ya kijivu na weupe yanaingia kwenye kadi ya michoro, na maelezo ya rangi yanasomwa na programu zinazoielewa profaili, kama Photoshop na Lightroom. Kuna programu za kutazamia picha ambazo hazisomi profaili kabisa, kwa hiyo usihukumu rangi huko.

Ukimaliza, utaona kitufe cha kulinganisha kabla na baada. Siku ya kwanza skrini itaonekana ya njano na hafifu, na mkono utakuwasha kurudisha ya zamani. Usiirudishe. Fanya kazi nayo siku nzima, kisha itazame ile ya mwanzo: ubluu wake utauona waziwazi.

Toleo la Pro linakupa machaguo yaliyopangwa tayari, na kwa wengi wetu yanatosha. Mimi napenda kuandika namba yangu mwenyewe, kandela 100, kwa hiyo kifaa hichohicho nakitumia pia na DisplayCAL, programu ya bure ya Florian Höch inayotegemea ArgyllCMS, programu ya rangi ya Graeme Gill. Ni ya polepole na maneno yake ni mengi, ila ripoti yake ni nzuri: inakuonyesha kwa Delta E kila rangi imekosea kiasi gani. Ikiwa chini ya 2, macho yatapata tabu kuiona tofauti.

Kifaa hiki kina mipaka, na wauzaji hawaitaji. Hakiwezi kuongeza rangi ambazo kioo hakina. Laptopu yangu inaonyesha karibu theluthi mbili tu ya sRGB, ule upeo wa rangi uliozoeleka kwenye skrini na intaneti, na hata baada ya kuipima, mapambo ya ukumbi ya zambarau na kitenge chekundu yanabaki yamefifia pale, huku kwenye monita ya nje yakiwa kamili. Skrini hizo mbili zimekaribiana sana kwenye weupe na kijivu, lakini rangi kali haziwezi kufanana. Basi laptopu imebaki ya kuchagulia picha na kupunguza zisizofaa, na rangi nazifanyia kwenye monita. Kama unayo laptopu ya bei nafuu peke yake, kifaa bado kitakusaidia kwenye mwangaza na kijivu, na hilo tu litapunguza picha nyeusi kwa kiasi kikubwa.

Chumba nacho kinahesabika. Ukiwa na dirisha nyuma ya mgongo au balbu ya njano juu ya kichwa, kipimo kizuri kinapotea. Mimi nimeweka pazia zito na taa nyeupe, na picha iliyosafishwa naitazamia chini ya taa hiyo.

Nimeulizwa na wenzangu kuna faida gani ikiwa wateja wenyewe wanatazama kwenye simu zisizopimwa. Simu moja inaegemea bluu, nyingine njano, nyingine inakoleza kila kitu. Picha iliyoanzia katikati inapotea kidogo kila upande, lakini iliyoanzia pembeni ikikutana na simu iliyoegemea upande huohuo, uso wa mtu unaharibika kabisa. Toa faili zako katika sRGB na profaili ikiwa ndani yake. Huo ndio mfumo ambao HP na Microsoft waliupendekeza mwaka 1996, na mpaka leo intaneti na studio nyingi zinautegemea.

SpyderX Pro ilitoka mwaka 2019 kwa dola 170 hivi za Marekani, na sasa yapo matoleo mapya zaidi. Ukinunua iliyotumika, muulize muuzaji namba ya kuwezeshea programu kabla hujatoa pesa. Ukiwa na rafiki mwenye nacho, azima kwanza, pima, kisha safisha picha ileile iliyohaririwa kabla na baada ya kipimo. Mimi napima upya kila mwezi, na kila ninapoihamishia monita chumba kingine.