Hobgoblin yupi wa kununua? Fungua katikati kwanza

Nilimtumia mdogo wangu wa Tanga zawadi aliyoitamani tangu yuko darasa la sita: kitabu cha katuni cha The Amazing Spider-Man toleo la 238, la Machi 1983, ambamo Hobgoblin, adui wa Spider-Man, alijitokeza kwa mara ya kwanza. Nililipa dola 130. Nikalibana kati ya makaratasi mawili magumu, nikampa mama mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani alibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Siku lilipofika mdogo wangu akanipigia video. Akalivua mfuko taratibu, akalinusa, akacheka peke yake, akafungua kurasa za katikati. Kimya.

"Dada, katikati hamna kitu."

Nikamwambia hadithi imo yote, mimi mwenyewe nilihesabu kurasa kabla ya kulituma.

"Tatuu, dada. Tatuu hazimo."

Sikujua anasema nini, na hapo ndipo dola 130 zangu zilipoanza kuniuma. Tangu niandike habari hiyo kwa kifupi, wasomaji kadhaa wameniletea vilio vilevile: aliyenunua akiwa Nairobi, aliyenunua akiwa Muscat, na mmoja aliyenunua jimbo lilelile ninaloishi mimi, Ohio, mkono kwa mkono, na bado akapigwa. Kwa hiyo leo sitawaambia mwangalie kona za jalada au rangi ya karatasi. Hayo kila mtu anayajua na kila muuzaji ameshajifunza kuyapiga picha vizuri. Nitawaambia mwangalie pasipopigwa picha.

Mwezi ule wachapishaji wake, Marvel, waliingiza ndani ya toleo karatasi ya tangazo la kampuni ya Lakeside, yenye tatuu za kubandika ngozini, jina lake Tattooz. Ilishikwa na pini zilezile mbili zinazoshika kitabu. Bei ya jaladani ilikuwa senti 60. Sasa wewe fikiria mtoto wa miaka tisa mwaka 1983, ana senti 60 zake, anafungua kitabu anakuta tatuu za bure. Atazifanyaje? Alizichomoa, akajibandika mkononi, akaenda kuringa mtaani, na alikuwa na haki. Kosa si lake. Kosa ni la mtu mzima wa leo anayeandika "limekamilika" kwenye tangazo la kuuza, hali akijua kwamba wakusanyaji wanahesabu toleo la 238 lisilo na tatuu kuwa ni pungufu, na bei yake inashuka.

Tukishaelewana hapo, tuje kwenye swali mnaloniuliza sana: Hobgoblin yupi? Maana hili si jina la mtu mmoja. Ni kinyago cha zimwi kilichopita vichwa vingi, na kila kichwa kina toleo lake na bei yake.

Namba moja kwangu ni Roderick Kingsley, na sitaki ubishi. Mwandishi Roger Stern na mchoraji John Romita Jr. walimtengeneza adui asiye mwendawazimu. Green Goblin wa kwanza, Norman Osborn, adui wa Spider-Man wa kabla yake, dawa ya nguvu ilimharibu akili. Kingsley ni tajiri wa mitindo ya mavazi, mtu wa hesabu. Jambazi mmoja anayemkimbia Spider-Man anaangukia kwenye maficho ya zamani ya Osborn, habari inamfikia Kingsley, anavichukua vifaa vyote na daftari za siri. Hata ile dawa ya nguvu haikurupukii: anamtanguliza kibarua wake, Lefty Donovan, aijaribu kwanza. Ndiyo maana kwenye toleo la 245 Spider-Man anavua kinyago na kumkuta Donovan, si mwenyewe. Donovan kafa, bosi yuko mbali anaandika matokeo. Adui wa namna hiyo unamwogopa hata akiwa amekaa kimya.

Kwa hiyo ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua 238. Lakini usitoe hata senti kabla muuzaji hajakujibu haya. Mwombe picha ya kurasa za katikati zikiwa wazi, pini zote mbili zionekane. Mwulize tatuu zimo au hazimo. Usiulize kama "kimekamilika", kwa sababu neno hilo kila mtu ana tafsiri yake. Halafu mwulize kama karatasi ya tatuu bado imeshikwa na pini au imelegea. Akijibu "sielewi unachosema", anaweza kuwa mkweli. Akijibu "kitabu ni cha zamani, nunua kama kilivyo", ondoka.

Swali hilo la tatu ndilo lenye siri kubwa. Fantastic Four toleo la 252 la mwezi uleule nalo liliwekwa Tattooz. Ni lile ambalo John Byrne alilichora lote kwa kulalia ubavu, unaligeuza ndipo ulisome. Ni toleo zuri, ila halina adui mpya ndani yake, kwa hiyo bei yake ni rahisi. Wajanja wanalinunua, wanafungua pini, wanachomoa tatuu, wanazipachika kwenye 238 iliyokuwa pungufu. Kitabu kinakuwa kimevishwa kitu cha mwenzake, na wewe unalipia ukamilifu. Mkifungua kwa utulivu mtaona: matundu ya pini kwenye karatasi ya tatuu hayakai sawa na matundu ya kitabu, au miguu ya pini imenyooshwa na kukunjwa upya, ina mikwaruzo inayong'aa mahali ambapo sehemu nyingine ya pini imefifia. Nimeshika moja ya hivyo dukani. Kwa nje huwezi kujua kabisa. Kwa ndani, pini ya chini ilikuwa imekunjwa kwa kucha au kisu, haikulala.

Wengi mtaniambia, basi tununue vilivyofungiwa kwenye kasha la plastiki. Hapo mimi na CGC, kampuni inayokagua vitabu na kuvifungia humo, ni chanda na pete, naungama wazi. Wapo wengine wanaofanya kazi hiyo ya kukagua na kupima. Sijanunua kwao na sina mpango. CGC wanapima kutoka 0.5 mpaka 10 na wanaandika kwenye lebo kasoro waliyoikuta. Lebo ya buluu ni ya kawaida. Ya kijani maana yake kuna kasoro kubwa iliyotajwa, kwa hiyo namba kubwa juu yake isikuzuzue. Someni maandishi madogo chini ya namba. Watu wanaona 9.2 wanatoa kadi mfukoni, mstari wa chini hawausomi, na muuzaji anajua hawausomi: anapiga picha iliyokatwa hapohapo kwenye namba.

Namba mbili ni toleo la 289, Juni 1987, na hili nalipenda kwa sababu ya uongo wake. Stern alikuwa ameondoka bila kumtaja mwenye kinyago, waandishi waliofuata wakavutana, na wakati wanavutana, mwandishi wa habari Ned Leeds akauawa kwenye kitabu kingine kabisa, Spider-Man vs. Wolverine, mapema mwaka huohuo wa 1987. Peter David akaachiwa kazi ya kueleza, na katika 289 tukaambiwa kwamba Hobgoblin alikuwa Leeds, marehemu. Fikiria umefuatilia adui miaka minne, halafu unaambiwa alishazikwa wiki iliyopita. Wasomaji walikasirika, na mimi nimekasirika kwa niaba yao ingawa nilikuwa bado sijazaliwa. Katika toleo hilohilo kinyago kinachukuliwa na Jason Macendale, aliyekuwa akijiita Jack O'Lantern, ndiye aliyelipa ili Leeds auawe. Kwa hiyo toleo moja linakupa Hobgoblin wawili: mmoja wa kusingiziwa, mmoja wa kurithi kwa nguvu. Halina tatuu za kukuliza. Ni nene, kwa hiyo lishike mgongoni usilipinde.

Macendale mwenyewe simpi nafasi zaidi ya hiyo. Alikaa na jina kwa miaka mingi, akachanganywa hata na pepo, na bado hakuna siku aliyonitisha.

Baada ya hapo tafuteni Hobgoblin Lives ya 1997, matoleo matatu tu, Stern akiwa amerudi na Ron Frenz akichora. Stern alikuja kurudisha mali yake. Betty Brant, mjane wa Ned, anachimba habari ya mumewe. Kingsley anaibuka, anamuua Macendale gerezani. Na ukweli unatoka kwamba Leeds alichezewa akili, akatumiwa kama kivuli. Na kwa nini hakuna aliyemshuku Kingsley? Kwa sababu aliwahi kuonekana chumba kimoja na Hobgoblin. Ni ndugu yake Daniel, anayefanana naye, aliyekuwa akikaa mahali pake. Mnaotaka kusoma tu, bila habari za wakusanyaji, chukueni kitabu chenye jalada laini cha Origin of the Hobgoblin pamoja na hiki, viwili kwa mpigo. Ukinunua cha kwanza peke yake unabaki na swali bila jibu, na wauzaji hawakwambii hilo. Kuna duka moja lilinijibu eti "hadithi inajitegemea". Inajitegemea vipi wakati mtu hajavuliwa kinyago?

Omnibus ya Roger Stern, lile jitabu la 2014 lililokusanya hadithi zake za Spider-Man, ni tamu, ila kabla ya kuagiza kutoka huku ulizieni mzigo kwa kilo. Msomaji wa Mombasa ameniambia usafiri ulikaribia bei ya kitabu.

Phil Urich, aliyevaa kinyago mwaka 2010 kuanzia toleo la 649? Ni rahisi, yapo mengi, chukua ukiyakuta. Na kusoma kwa simu kupitia Marvel Unlimited, programu ya Marvel ya kusomea katuni, ni rahisi kuliko vyote. Hayo ndiyo ya bei nafuu, nimeyataja.

Sasa niacheni niseme la moyoni kuhusu bei. Kila ukitoka uvumi wa filamu, watu wanapandisha. Kwa kuwa kwenye filamu za Spider-Man tangu 2017 kuna rafiki yake anaitwa Ned, kuna wauzaji wameanza kulisukuma toleo la 18 la 1964, ambamo Ned Leeds alionekana mara ya kwanza, kana kwamba Hobgoblin yumo humo. Hayumo. Yule ni mwandishi wa habari tu wa gazeti, ana tai na mchumba. Mwingine alinitajia bei ya toleo la 239, nikashtuka, nikamwuliza sababu, akasema "ndilo pambano la kwanza". Sawa, ni kweli, lakini wiki mbili kabla ya hapo lilikuwa ni pambano la kwanza hilohilo kwa nusu ya bei. Aliyeniuzia mimi lile 238 alikataa kurudisha hata senti, akasema tangazo lake halikuahidi tatuu. Nililisoma tena. Lilisema "limekamilika, kurasa zote". Kurasa zote zimo, ni kweli. Ndiyo maana siku hizi nanunua kwa mzee mmoja mwenye duka dogo hapa mjini, ingawa bei yake haishuki hata nikilia: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Juzi nilipita kwake. Kwenye boksi la bei poa, nyuma kabisa, palikuwa na Fantastic Four 252, kona moja imekunjika. Nikalifungua katikati: tatuu zimo, zimeshikwa na pini zote mbili, hakuna aliyezigusa. Dola nane. Nikalinunua, nikalipiga picha, nikamtumia mdogo wangu.

Akajibu hapohapo: "Zitoe tu, dada, uniletee. Nani atajua?"

Liko mezani kwangu. Nimelisoma lote kwa kulalia ubavu, na bisibisi ndogo nimeirudisha kwenye droo.