Uzoefu wangu: mboga za Penga Penga mbele ya wahakiki

Wahakiki, yaani wataalamu wanaosoma makala za kisayansi kabla hazijachapishwa, kwa kawaida hawalipwi hata senti. Ukishalijua hilo, mengi yanayoudhi katika uhakiki wa majarida ya kisayansi huanza kueleweka. Mimi na wenzangu hapa Lubumbashi tulituma makala kuhusu shaba, kobalti na risasi katika lenga-lenga (mchicha) na matembele yanayolimwa Penga Penga, mtaa ulioangukiwa kwa miongo mingi na moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza mwaka 1911. Jarida silitaji. Ni la mazingira, la nje, na lina heshima yake.

Mlango wa kwanza ni mhariri. Anasoma muhtasari, anapitisha maandishi kwenye programu ya kunasa wizi wa maandishi, na makala nyingi zinaishia hapo hapo. Yetu ilipita. Kisha kimya cha miezi. Nilipouliza, nikajibiwa kwa adabu kwamba walioombwa kuisoma wanakataa mmoja baada ya mwingine. Sikukasirika sana, nani ataacha shamba lake aende kupalilia la mwenzake bure?

Ripoti zilikuja mbili. Wahakiki walijua majina yetu, sisi ya kwao hatukuyajua. Majarida mengine huficha pande zote mbili. Mhakiki wa kwanza ndiye aliyenifanya niandike haya. Aliuliza: metali hizi ziko ndani ya jani, au ni vumbi lililotua juu yake? Vipimo vya mboga iliyooshwa na isiyooshwa tulikuwa navyo, vimewekwa kwenye kiambatisho. Akataka viletwe mbele, vipangwe bega kwa bega, vya kiangazi kando na vya mvua kando. Aliyeonja vumbi la Lubumbashi mwezi wa nane anajua swali hilo lina uzito. Sasa jedwali hilo ndilo ninaloulizwa kila ninapoeleza kazi yetu, na mama wauza mboga wanalishika upesi kuliko wanafunzi wangu: kuna uchafu unaoondoka kwa maji, na kuna usioondoka hata usugue vipi.

Wa pili, loo! Alitaka tulinganishe na bustani za Ulaya, kana kwamba anayekula bukari (ugali) na lenga-lenga kila siku yuko hatarini sawa na anayegusa saladi siku mojamoja. Tena akatuletea orodha ya makala za kunukuu, zote zikiwa na jina la mtu yule yule kati ya waandishi. Ujanja huo wa mhakiki kujitafutia nukuu una umri wake. Tulinukuu ile iliyohusu mada yetu, tukaeleza kwa nini nyingine tumeziacha, na mhariri tukamwandikia pembeni. Akakubali. Mhakiki anashauri tu, mwenye kuamua ni mhariri. Vijana wengi wa vyuo vyetu wakipewa "masahihisho makubwa" hudhani wamefukuzwa, wanaifungia makala kwenye droo. La, umeitwa uendelee! Nakili kila hoja, ijibu chini yake, taja ukurasa na mstari ulikobadilisha. Usiyoikubali, ikatae kwa hoja yako, bila matusi.

Kuhusu pesa: majarida yaliyo wazi kwa wasomaji wote humtoza mwandishi, na mara nyingi ada hupita dola 2,000. Lakini wachapishaji wengi wakubwa huifuta kwa nchi zilizo Kundi A la Research4Life, mpango unaozipa nchi maskini majarida bure au kwa bei nafuu, na Kongo yetu imo. Omba msamaha huo siku ile ile unapotuma, maana wengine hawasikilizi ombi la baadaye. Na anayekuandikia barua pepe akiahidi kukuchapisha ndani ya siku chache ukilipa, huyo hana wahakiki, ana akaunti ya benki.

Kuna wanaotetea mfumo huu kana kwamba ulishuka kutoka mbinguni. Jarida la Nature lenyewe lilianza kudai wahakiki kwa kila makala mwaka 1973. Makala maarufu ya Watson na Crick kuhusu umbo la DNA, kemikali inayobeba sifa za urithi, ya 1953, haikupitia kwao.

Alama zangu: maswali, nane kwa kumi, mwendo, tatu. Hata hivyo makala ya pili tunaipeleka kwa jarida lile lile. Fomu yao ina nafasi ya kupendekeza wahakiki, na safari hii tumeijaza kwa watu wa upande wa Zambia ambao hatujawahi kuandika nao, wanaoishi na vumbi la shaba kama sisi.