Mjazo wa Jairoidi katika PrusaSlicer: Kasi kwa Kazi Zenye Vitundu

Yeyote anayechapa kwa printa ya 3D vichujio, mito laini ya kulalia au kukalia au kipande kingine chochote ambacho hewa au maji hutakiwa kupita ndani yake anafahamu kwamba kazi za aina hii hula muda usiolingana kabisa na kiasi kidogo cha plastiki kilichomo. PrusaSlicer, programu huria ya kukata modeli kuwa matabaka iliyotokana na Slic3r, haikuundwa mahsusi kwa kazi hizo. Hata hivyo, mjazo wake wa jairoidi, yaani umbo la mawimbi ambalo programu huweka ndani ya kipande badala ya kukijaza kabisa, ukitumiwa peke yake bila kuta, bila sakafu na bila paa, umekuwa njia ya haraka kuliko zote nilizotumia kwenye printa ya kawaida ya filamenti, yaani uzi wa plastiki unaoyeyushwa.

Ili kuelewa kasi hiyo inatoka wapi, ni vyema kwanza kutazama kinachochelewesha njia ya kawaida, yaani kuchora wavu wa vijiti katika programu ya usanifu kisha kuupeleka kwenye printa. Ukikata wavu huo kwa mlalo, kila kijiti huonekana kama nukta ndogo. Kwa hiyo katika kila tabaka nozeli, yaani ncha inayotoa plastiki, huruka kutoka nukta moja hadi nyingine, ikirudisha filamenti nyuma, ikisogea, ikiisukuma tena, na kuacha nyuzinyuzi njiani. Kuongeza mwendokasi kwenye mipangilio hakusaidii sana. Printa yenye mchapuko wa milimita 1,000 kwa sekunde kwa sekunde inahitaji mstari ulionyooka wa milimita 20 ili ifikie milimita 200 kwa sekunde, na milimita nyingine 20 ili isimame, ilhali vipande vya njia ndani ya wavu mara nyingi havizidi milimita mbili au tatu. Mchapuko ukipandishwa hadi 10,000, umbali huo hushuka hadi milimita mbili, na ndiyo maana programu endeshi za printa kama Klipper, zinazopunguza athari za mtetemo, zimeleta nafuu ya kweli. Lakini hata printa hizo hazina dawa ya kuruka-ruka.

Jairoidi huondoa tatizo hilo kwenye mzizi. Ni uso uliopinda ulioelezwa na Alan Schoen alipokuwa NASA mwaka 1970, usio na mstari wowote ulionyooka ndani yake, na unaoigawa nafasi katika njia mbili zilizosokotana bila kukutana. Ukiukata kwa mlalo hupati nukta, unapata mawimbi marefu. Nozeli hufuata wimbi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila kona kali za kuilazimisha ipunguze mwendo, na tofauti na mjazo wa gridi, mistari ya tabaka moja haikatizani, hivyo nozeli haigongi plastiki iliyokwisha kulala. Kila tabaka huegemea lililo chini yake na mawimbi husogea kidogo kidogo, kwa hiyo nguzo za kuegemeza ndani hazihitajiki. Vitundu vyote hubaki wazi na kuunganika, jambo ambalo mjazo wenye seli zilizofungwa hauwezi kukupa hata ukiupunguza kiasi gani.

Faida ya pili huonekana kabla printa haijawashwa. Faili la STL, linaloeleza umbo la modeli kwa pembetatu, likihifadhiwa kwa mfumo wa jozi (binary) hutumia baiti 84 za mwanzo na baiti 50 kwa kila pembetatu. Wavu wenye pembetatu milioni 10 ni faili la takriban megabaiti 500, na programu moja ya usanifu niliyoitumia, ambayo sitaitaja, ilikuwa ikiganda kila nilipojaribu kuzungusha modeli ya ukubwa huo. Kwa jairoidi unapeleka mchemraba wa kawaida tu, wenye pembetatu 12, yaani baiti 684, na vitundu vyote huzaliwa wakati wa kukata matabaka. Ukitaka kubadilisha uwazi, unabadilisha asilimia ya mjazo na kukata upya, bila kurudi kwenye uchoraji hata kidogo.

Mipangilio yenyewe ni rahisi, ila kuna mitego. Weka kuta, matabaka ya juu na ya chini kuwa sifuri, chagua jairoidi, kisha tafuta kigezo kinachoamuru maeneo madogo yajazwe kabisa. Kiwango chake cha awali ni milimita za mraba 70, na usipokishusha hadi sifuri, ncha nyembamba za kipande chako zinaweza kuzibwa bila onyo. Kigezo cha pili ni urefu wa nanga za mjazo, yaani vipande vifupi vinavyounganisha ncha za mawimbi pembezoni. Nanga ndefu huifanya njia iendelee bila kukatika na hivyo huokoa muda, lakini huziba sehemu ya vitundu vya ubavuni; ukizifuta, ubavu unakuwa wazi na miruko inarudi. Kwa kichujio ambacho maji yanaingilia juu na kutokea chini mimi huziacha, na kwa kipande kinachopaswa kupumua pande zote huzifuta na kukubali kuchelewa. Kwa kuwa hakuna sakafu, tabaka la kwanza ni mawimbi membamba tu juu ya bamba la printa, hivyo bamba liwe safi na tabaka hilo lichapwe polepole.

Matokeo yanakaguliwa kwa mizani. Mchemraba wa PLA, plastiki ya kawaida ya kuchapia, wenye upande wa milimita 30, kama ungekuwa mzima, ungekuwa na gramu 33.5 hivi, na kwa mjazo wa asilimia 20 unatarajiwa kuwa karibu na gramu 6.7. Ukizidi sana, ama filamenti inasukumwa kupita kiasi au kuna mahali pamezibwa.

Upungufu mkubwa ni kwamba huwezi kuiambia programu ukubwa wa kitundu. Unataja asilimia, nayo hupanga nafasi kulingana na upana wa mstari. Njia ya kuzunguka ni kubadilisha upana huo: kwa asilimia ileile, mstari mpana hutoa vitundu vikubwa zaidi, na hapa kasi huja kama nyongeza. Mstari wa milimita 0.45 kwa unene wa tabaka wa 0.2 una eneo la milimita za mraba 0.09, na wa 0.65 kwa 0.3 una 0.195, hivyo plastiki ileile hulazwa kwa njia isiyofika nusu ya urefu wa awali. Anayehitaji vitundu vidogo hana bahati hiyo, na wa vipandikizi vya mifupa vya titani, ambako vitundu hupimwa kwa mikromita mia kadhaa, aendelee na mashine za leza na unga wa metali.

Inawezekana pia kuweka asilimia tofauti katika sehemu tofauti za kipande kimoja kwa kutumia maumbo ya kurekebisha, yaani maumbo ya ziada yanayowekwa juu ya modeli ili kubadilisha mipangilio ya sehemu wanayofunika. Siipendekezi pale ambapo kimiminika kinapita, kwa sababu mawimbi ya asilimia mbili tofauti hayaoani mpakani na baadhi ya njia hukatika hapo. Kwa mto laini unaobonyea upande mmoja kuliko mwingine, mpaka huo hauna madhara makubwa, na kwa kazi hiyo sijaona sababu ya kununua programu ya gharama.