Daktari aliyemkataza samaki paka wa Lamu

Majirani wamenichosha kwa kuniuliza nilimpeleka wapi paka wangu Bosi hata manyoya yakamrudi, basi naandika hapa nimalize. Ni ile kliniki ndogo ya wanyama ya mtaa wa Langoni, hapa Lamu, chumba kimoja na benchi la nje. Msiichanganye na ile ya punda iliyoanzishwa 1987, ambayo hata mtoto wa chuo anaijua.

Bosi ni dume mwembamba, masikio makubwa, paka wa Amu, yaani Lamu, hasa. Alianza kujilamba tumbo na mapaja kwa ndani hadi pakabaki ngozi tupu. Shingoni ukimpapasa unakuta vigaga vimetapakaa chini ya manyoya kama punje za mtama. Kujikuna mbele za watu hakujikuna, na hapo ndipo wengi tunapopitwa. Mbwa mwenye aleji utamwona tu: hutafuna nyayo, hujisugua ukutani, masikio yananuka. Paka hujilamba, nawe unasema mashallah, msafi huyu.

Daktari hakukimbilia sindano. Alimsimamisha Bosi mezani, akampitishia kitana cha meno ya karibu karibu kuanzia kiunoni hadi mkiani, akakikung'utia kwenye tishu nyeupe aliyoilowesha maji. Vikadondoka vijidoa vyeusi. Mimi nikadhani mchanga. Akaniambia nitazame, na mara vikaanza kutoa wekundu wa kutu pembeni: kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya Bosi mwenyewe iliyokwisha kumeng'enywa. Kiroboto mwenyewe hatukumwona hata mmoja. Alieleza kuwa paka huwameza anapojilamba, na kwamba kinachomtesa mwenye aleji ni mate ya kiroboto, kwa hivyo wachache tu wanamtosha. Kisha akazima taa akammulika kwa taa ya zambarau kutafuta mapunye, maana hayo huambukiza watoto, na akachungulia masikioni kama mna utitiri.

Nilikuwa nimebeba chupa ya matone niliyouziwa duka moja la dawa, ina picha ya mbwa. Muuzaji aliniapia kuwa mbwa na paka ni mamoja. Sikumwamini, na sikumpaka Bosi. Daktari alisoma kibandiko akaiweka kando: ndani mna permethrini, dawa ya kuua wadudu, ambayo mbwa anaistahimili lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Paka akipakwa hutetemeka, hushikwa na degedege, na anaweza kufa. Kwa hilo peke yake ningempa nyota zote.

Alinipa matone ya paka, ya kila mwezi, na akaniambia nihangaike na mikeka na nyufa za sakafu, kwa sababu mayai na mabuu ya viroboto huishi huko zaidi kuliko mwilini. Tumbo likaanza kuota manyoya. Shingo ikabaki vile vile. Ndipo akatamka lile lililoniletea maneno mtaani: tumwondolee samaki.

Bi mkubwa wa nyumba ya pili alicheka hadi akashika ukuta. "Paka wa Amu asile samaki, ale biriani?" Lakini ndivyo ilivyo. Kwa paka, nyama ya ng'ombe, samaki na kuku ndio wanaotajwa zaidi kwenye aleji ya chakula, na mwili hukasirikia kile ulichokwisha kukionja, hata kama amekila miaka bila tatizo. Nilimuuliza kipimo cha damu. Akasema kwa aleji ya chakula hakiaminiki, nisipoteze pesa. Kipimo ni sahani.

Sahani yenyewe ina masharti. Wiki 8, nyama ya aina moja ambayo mnyama hajawahi kuila. Sungura angefaa zaidi, ila Lamu utampata wapi, tukakubaliana mbuzi wa kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa paka. Juu yake unga wenye kalisiamu na taurini, kirutubisho ambacho paka lazima akipate kwenye chakula, kwa kuwa nyama tupu haimtoshi. Maziwa hakuna, kulamba sufuria hakuna. Sasa jaribu wewe kumfungia ndani paka aliyezoea vichochoro! Mvuvi akipita na tenga lake, Bosi alilia mlangoni mpaka nikaona haya kwa wapita njia. Watoto wakawa wanampenyezea vichwa vya changu chini ya mlango. Ikabidi niwahonge bajia wawe walinzi.

Vigaga vikakauka vikadondoka. Hapo daktari akaniamuru nimrudishie samaki makusudi, nami nikamkodolea macho. Hoja yake ni kwamba bila hivyo huwezi kujua kilichomponya ni mbuzi au ni matone. Wiki haikuisha, shingo ikaanza upya. Tukaacha, na mpaka leo samaki hali.

Kasoro zipo. Ule unga uliagizwa Mombasa na ulichelewa, na sikupigiwa simu hadi nilipoenda kuuliza mwenyewe. Risiti ni ya kuomba. Saa za kufungua zimeandikwa mlangoni lakini daktari akiitwa vijijini, Shela au Matondoni, utakuta kufuli. Na ana ulimi mkali: kijana mmoja alileta mbwa wa hoteli, akataka sindano ya kuondoa muwasho aende zake, akasomewa somo zima benchi likisikia. Mbwa alipewa vidonge vya siku chache, na kijana akaambiwa aoshe matandiko ya mbwa kwa maji ya moto, kwani kwa mbwa mara nyingi chanzo ni utitiri wa vumbi, ukungu au chavua. Kijana aliondoka amenuna. Mimi niko na daktari: zile sindano za steroidi, dawa za kutuliza muwasho, zinazokaa mwilini muda mrefu, zikirudiwa rudiwa, zinaweza kumletea paka kisukari.

Kumwona nililipa shilingi 1,500, dawa mbali. Wahini asubuhi, na mnyama mumtie kwenye kikapu chenye kifuniko, kwa sababu vizimba hakuna na mbwa wanangojea benchi lile lile.