Mark IV, Eldorado au Riviera ya 1972: ipi utaishi nayo?

Wengi wanaotafuta gari la kifahari la milango miwili la Marekani la mwanzoni mwa miaka ya 1970 huanza kwa kuulizia injini. Hapo wanapoteza muda. Nimeziendesha na kuzifungua zote tatu, Lincoln Continental Mark IV, Cadillac Eldorado na Buick Riviera, zote za mwaka 1972, na hakuna hata moja inayoomba msaada mlimani. Lincoln ina V8 ya inchi za ujazo 460, yaani lita 7.5. Buick ni 455, karibu sawa na hiyo. Cadillac ni 500, lita 8.2. Tofauti iko kwenye mipira midogo ya kupitisha hewa, kutu, na saa utakazolala chini ya gari.

Kwanza niondoe hofu moja ya karatasi. Eldorado ya 1971 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 365, na ya 1972 ikaandikwa 235. Wapo wanaoamini injini ilihasiwa ndani ya mwaka mmoja. Kilichobadilika hasa ni kipimo. Zamani injini ilipimwa ikiwa juu ya meza, bila mizigo yake. Kuanzia 1972 ikapimwa ikiwa imevaa alternata, feni, kisafisha hewa na ekzosi yake. Mgandamizo wa hewa na petroli ndani ya silinda nao ulishushwa hadi karibu 8.5 kwa 1, na kwa mnunuzi wa leo hiyo ni habari njema: petroli ya kawaida ya Marekani, oktani 87, inatosha. Hesabu kilomita 4 hadi 5 kwa lita, na ukiwa mjini usishangae ikishuka chini ya hapo.

Kwa kukaa, Mark IV haina mpinzani. Viti vinakumeza, boneti inaonekana kama meza ya karamu, na barabara huisikii. Ila karibu kila kinachojiendesha chenyewe ndani yake kinatumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini: vifuniko vya taa za mbele, milango ya ndani ya kiyoyozi, hata kuachia breki ya mkono ukiweka gia. Mipira inayopitisha mvuto huo ina zaidi ya miaka 50. Ikipasuka, unaegesha gari jioni taa zikiwa zimefungwa, asubuhi unakuta jicho moja limefumbuka. Muuzaji atakwambia ndiyo tabia yake. Si kweli. Gari lisilo na hitilafu hufunika taa usiku kucha.

Dawa yake haitaki gharama kubwa, inataka subira. Chomoa mpira mkuu unaotoka kwenye manifoldi (njia ya hewa ya kuingia injini), unganisha pampu ya mkono yenye geji, vuta hadi inchi 15 za zebaki, kisha subiri dakika tano. Sindano ikishuka, bana tawi moja moja kwa koleo lenye midomo laini mpaka isimame. Tawi ulilobana ndilo lenye tundu. Mara nyingi tatizo liko kwenye valvu ya njia moja karibu na tangi la akiba, au kwenye kifaa chenye ngozi ya mpira kinachosukuma kifuniko cha taa. Usibadilishe mpira mmoja ukaondoka. Ukigusa wa jirani nao utavunjika kama biskuti. Nunua mita kadhaa za kila saizi, badilisha yote, na uandike kwenye karatasi mpira upi unakwenda wapi kabla hujachomoa.

Eldorado ndiyo ninayoichagua kwa safari ndefu. Inavutwa na magurudumu ya mbele, sakafu yake imenyooka bila mgongo wa propela shafti, na injini ya 500 haina haraka na chochote. Ila angalia ilivyopangwa. Injini imekaa kwa urefu, giaboksi ya Turbo-Hydramatic 425 imekaa ubavuni mwake, na mnyororo mpana ndio unaopeleka nguvu kutoka nyuma ya injini hadi kwenye giaboksi. Mnyororo wenyewe ni mgumu, hausumbui ovyo. Kinachosumbua ni kazi ndogo kugeuka kubwa: shafti ya kulia inapita chini ya injini, kwa hiyo kushusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) kubadilisha gaskiti, kazi ya nusu siku kwenye Riviera, hapa inakula wikendi. Oldsmobile Toronado imejengwa kwa mpango huo huo, nayo ina karaha hiyo hiyo.

Ukijaribu Eldorado, kata usukani mpaka mwisho kwenye uwanja mtupu na uende taratibu, kushoto kisha kulia. Ukisikia ko-ko-ko, joint za shafti zimekwisha. Kisha chungulia mipira yake ya kuzuia vumbi: grisi iliyorukia ndani ya rimu maana yake umechelewa.

Riviera hii yenye nyuma iliyochongoka kama mkia wa mashua ndiyo ninayompendekezea anayejitengenezea gari mwenyewe. Ilikuwa nafuu kuliko zile mbili tangu dukani. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, taa zake hazina vifuniko, na ukifungua boneti mkono unafika unapotaka. Ugonjwa wake unajulikana: pampu ya oili. Meno yake yanazunguka ndani ya kifuniko cha aluminiamu cha mbele ya injini, na aluminiamu hulika. Presha inashuka polepole, na taa nyekundu ya dashibodi inawaka mambo yameshaharibika. Funga geji ya kweli siku hiyo hiyo unayonunua. Gari likikaa miezi bila kuwashwa, pampu inaweza kukauka na kushindwa kuvuta. Ukiifungua, jaza nafasi zote kati ya meno kwa mafuta mazito ya vaselini, ya kawaida kabisa, kabla ya kurudisha kifuniko. Grisi usiweke, haiyeyuki upesi. Oili iwe yenye zinki ya kutosha, inayouzwa kwa magari ya zamani, maana kemshafti (shafti zinazofungua valvu) za injini zote tatu zinasuguana moja kwa moja na tapeti zake.

Ukiwa na chaguo, chukua ya 1972 badala ya 1971. Ile ya 1971 ina matundu ya kutolea hewa juu ya mlango wa buti, na maji ya mvua hayakuambiwa yasiingie humo. General Motors, wenye Buick, waliyaondoa mwaka uliofuata.

Platini (vigusano vinavyokata umeme wa plagi) za Riviera na Eldorado ni raha kurekebisha. Kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, kina kidirisha cha bati kinachopanda juu. Injini ikiwa inanguruma, ingiza ufunguo wa pembe sita wa inchi 1/8, zungusha upande wa saa mpaka injini ianze kumisi, kisha rudisha nusu mzunguko. Umemaliza. Na hapo ujue sanduku lako la spana za milimita 10, 12 na 14 halina kazi kwenye magari haya. Tafuta za inchi, 1/2 na 9/16 kwanza.

Kuna ugonjwa mmoja wa zote tatu: gia ya kemshafti ina meno ya nailoni, na baada ya miaka nailoni inakatika, vipande vinaangukia kwenye sampu na kuziba mdomo wa pampu. Kupima, fungua kifuniko cha distributa, weka spana kwenye bolti ya puli ya mbele, zungusha krenki upande mmoja mpaka rota, kipande kinachozunguka ndani ya distributa, isogee, kisha rudi upande wa pili taratibu. Krenki ikienda zaidi ya digrii nane au kumi kabla rota haijatikisika, mnyororo unaoizungusha gia ya kemshafti umelegea. Badilisha seti nzima, uchague gia ya chuma, na ushushe sampu usafishe. Kwenye Eldorado, sasa unajua hesabu ya wikendi inatoka wapi.

Kutu ikague kabla ya yote. Paa la vinaili huficha maji. Pitisha kidole ukingo wa chini wa kioo cha nyuma ukibonyeza. Panapolia kama karatasi kavu, bati limekwisha. Inua zulia la buti, kisha pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye kona za matairi ya nyuma, uone iliko puti. Kwa Riviera ongeza moja: kioo chake kikubwa cha nyuma kilichojikunja hakitoki kwenye gari lingine lolote, kwa hiyo kikiwa na ufa tafuta kingine kwanza, ukipate mkononi, ndipo ulipe pesa za gari.